Injini Iliyozoea Maji ya Mlimani

Dada yangu aliporudi nyumbani kutoka pwani, alileta mota ya umeme iliyofungwa ndani ya blanketi, kama mtu anayemletea babu mjukuu wa kwanza. Aliishusha mwenyewe kutoka kwenye pikapu, akaiweka kibarazani, ndipo akamwamkia baba. Baba aliitikia marahaba huku macho yake yakiwa kwenye lile blanketi.

Kwa miaka kadhaa dada alikuwa fundi wa mitambo kwenye boti za kifahari, zile zinazobeba watalii. Huko alijifunza jambo ambalo sisi wa mlimani hatukuwa na sababu ya kulijua: boti yenye injini ya dizeli na mota ya umeme kwenye shafti moja, kile chuma kinachozungusha panga la boti. Inapotoka gatini polepole hutumia umeme wa betri, na haisikiki. Ikihitaji nguvu, dizeli inashika kazi, na wakati huo ile mota hugeuka kuwa jenereta na kuzijaza betri upya. Alitueleza hayo mezani kwa vijiko viwili na kifuniko cha chupa ya chai. Baba, ambaye ujana wake wote alitengeneza mashine za kumenya kahawa, aliuliza swali moja tu. Kama vyote viwili vimefungwa pamoja, kipi kinamtii mwenzake? Dada alicheka, akasema hilo ndilo swali lililomlisha miaka yote aliyokuwa huko.

Chini, kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, kulikuwa na mama mmoja mwenye boti ya kuvusha abiria na kutembeza wageni wanaopenda kutazama ndege. Injini yake ya zamani ilikuwa na kelele kiasi kwamba ndege waliondoka kabla wageni hawajatoa kamera. Alimwomba dada amfungie mfumo wa dizeli na umeme. Katika majuma yaleyale, kampuni moja ya pwani ilimwita dada arudi kazini, ikataka jibu kabla mwezi haujaisha. Nyumbani tulijua maana yake. Yule mama akiikubali kazi, dada angefungua karakana yake na kubaki. Akiikataa, dada angeondoka. Mama yetu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na tangu hapo baba alipika ndizi nyingi kuliko tulizoweza kula.

Mimi nilikuwa nimerudi kumalizia riwaya. Dada alinikabidhi daftari na kipimajoto.

Tuliijenga mitambo ndani ya kihamba chetu, shamba la ukoo linaloizunguka nyumba, juu ya fremu ya mbao, kati ya migomba na kahawa. Pale unapita mfongo, mfereji waliouchimba mababu kushusha maji kutoka msituni, na kila kaya ina zamu yake ya kuyaelekeza shambani. Dada aliyahitaji maji hayo. Katika mfumo kama ule kuna sanduku linaloamua wakati gani umeme ufanye kazi na wakati gani dizeli ishike. Mafundi huliita kontrola. Likifanya kazi hupata joto, na lisipopozwa hujipunguzia nguvu lenyewe ili lisiungue. Dada alizungusha bomba la shaba nyuma yake, akapitisha humo maji ya mfongo kwa pampu. Baba alimpa zamu yetu yote. Migomba ikasubiri.

Jirani yetu, mama mwenye mdomo mwepesi, aliona maji yakirudi mferejini yakiwa ya uvuguvugu. Akasimama nyuma ya uzio wa masale.

"Shemeji, siku hizi migomba yako inakandwa maji ya moto kama mzazi?"

"Imejifungua juzi," baba akamjibu bila kuinua kichwa. "Hujaleta hata mtori wa mzazi."

Kila jioni niliandika joto la maji yanayoingia, joto la yanayotoka, na joto la kontrola. Maji ya mfongo yalikuwa ya kuumiza mifupa ya vidole kwa baridi. Kontrola haikupata shida hata siku moja. Dada aliiendesha saa nzima, kisha mbili, akaigusa kwa kiganja na kutabasamu. Nilimpenda sana siku zile, alivyosimama katikati ya majani mapana akiwa na grisi mpaka kwenye viwiko, akisikiliza mashine isiyosema kitu.

Siku ya majaribio tulishuka na pikapu, tukapita mashamba ya mpunga ya Mabogini, tukaendelea kwenye vumbi na miiba mpaka bwawa likaonekana. Mitambo ilikuwa imekwisha kufungwa kwenye boti juma lile. Baba alivaa sweta, maana alikuwa ameondoka nyumbani kukiwa na ukungu, na kwake kuondoka asubuhi bila sweta ni sawa na kuondoka bila viatu. Mwenye boti alimpa shikamoo, kisha akamuuliza hilo sweta anampelekea nani.

Ilikuwa karibu na saa sita mchana. Dada alisukuma mkono wa gia, na boti ikaondoka bila sauti. Tulisikia maji yakichanika mbele yetu, na sauti za watu wakiongea ufukweni kana kwamba tulikuwa bado kati yao. Kwenye miti mikavu iliyosimama majini, ndege weusi walianika mabawa yao wakatutazama tukipita, wasiruke. Yule mama alishika ukingo wa boti kwa mikono miwili. Alikuwa akitabasamu kwa siri.

Tulipofika katikati, boti ikaanza kulegea. Niliona macho ya dada yakihamia kwenye kipimo cha kontrola na kubaki hapo. Kasi ikapungua tena, halafu tukawa tunaelea tu. Dada hakufungua chochote wala kugusa waya. Aliinama, akatumbukiza mkono majini, akauacha humo kwa muda.

"Ya moto," alisema.

Baba naye akatumbukiza mkono wake. Mimi nilifungua daftari. Juu ya kila ukurasa nilikuwa nimeandika, kwa mwandiko mzuri, joto la maji ya mfongo. Nililiandika siku zote zile, na hakuna hata mmoja kati yetu watatu aliyeuliza kama maji ya huku chini yangekuwa yaleyale. Tumezaliwa tukijua maji ni kitu cha baridi. Kwetu, ukitaka ya moto, unawasha jiko.

Dada aliitenga mota, akawasha dizeli. Moshi ukatoka, kelele ikarudi, ndege wakaruka wote, na boti ikageuka kuelekea gatini kwa nguvu zake zote. Tukafika, tukafunga kamba.

"Nikuulize, mwanangu," yule mama akamwambia dada. "Hili ni kosa la mashine?"

"Hapana, mama. Ni langu. Nimeipima kwa maji ya nyumbani."

"Linatengenezeka?"

Dada alimwambia ndiyo: bomba refu zaidi la shaba, pampu kubwa zaidi, na majaribio mengi wakati wa jua kali. Yule mama aliitazama boti yake, kisha akatazama banda la mabati lililokuwa juu kidogo ya gati.

"Basi usiipandishe tena mlimani," alisema. "Hamia pale. Kaa na maji haya mpaka uyajue. Injini ya zamani ilipozimika tulirudi kwa makasia, lakini leo umenirudisha nikiwa nimekaa. Nitakusubiri."

Nilimtazama baba. Lile ndilo jibu tulilokuwa tukiliomba, na halikuwa hilo: dada angebaki, lakini si nyumbani.

Njiani baba aliuliza kampuni ya pwani itajibiwa nini. Dada akasema atawaandikia kwamba haendi. Baba akatikisa kichwa kukubali. Tulikuwa tumeanza kupanda, hewa imeanza kupoa, aliposema kwamba lile banda halina dirisha, na mtu hawezi kukaa kwenye bati bila dirisha.

Jumanne tulimhamisha dada. Baba alikuja na msumeno na mikasi ya kukatia bati, na fremu ya mbao aliyoichonga Jumapili baada ya ibada. Alitaka kulifungua dirisha upande wa kaskazini, ambako asubuhi, mawingu yakiwa hayajashuka, mlima wetu unaonekana wote. Dada akasema hapana, anataka aione boti akiwa kitandani. Walibishana kidogo, kwa sauti ya chini, kama wanavyobishana mafundi. Kisha baba akahamisha ngazi, akapima ukuta wa upande wa bwawa, na kuanza kukata.