Ndoo ya Uchafu kutoka kwa Wifi

Hospitalini walimwita Bi Klorini, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko alilopewa na baba yake. Maisha yake yote ya kazi alikuwa msafishaji wa wodi, na sakafu aliyoipiga deki yeye ungeweza kujitazamia nywele. Vijidudu aliwachukia kama watu waliomkosea yeye binafsi. Nisifiche, alikuwa msumbufu, lakini wagonjwa wengi walirudi kwao wakiwa wazima kwa ajili ya usumbufu wake.

Alipostaafu, asubuhi zilimshinda. Alikuwa akiamka mapema, anaoga, anavaa, kisha anajikuta hana pa kwenda. Basi alideki nyumba, akadeki ua, na mumewe, fundi redio mtulivu, akazoea kuinua miguu bila kuambiwa. Ndipo akaamua kufuga kuku. Alinunua vifaranga waliototolewa kwa mashine, akawafungia taa ya joto bandani, na kwa mara ya kwanza tangu aache kazi akawa na sababu ya kuamka.

Sasa mtu kama huyu umpe vifaranga, unategemea afanye nini? Alifanya analolijua. Kila siku banda lilisuguliwa kwa klorini. Maranda ya mbao ya sakafuni yalibadilishwa hata kabla hayajachafuka. Kwenye maji aliwatilia antibaiotiki, ingawa hakuna aliyekuwa anaumwa. Kinga tu, alisema. Vifaranga wakaanza kuhara, wakafa. Akaleta wengine, akaongeza dawa, nao wakafa. Sasa alikuwa na kundi la tatu, na tayari baadhi yao walikuwa wameshusha mabawa huku manyoya ya nyuma yamegandamana.

Fundi redio alikuwa ameanza kulipima banda kwa macho. Redio mbovu zilikuwa zimemjaa hadi chini ya kitanda. Bi Klorini alimwambia mwenyewe kwamba hawa wakifa, banda alichukue. Alilisema kwa sauti kavu, kisha akaenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi, akalia nyuma ya shuka.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa upande wa pili wa uzio. Huko aliishi wifi yake, dada wa mumewe, na kuku wake wanene waliokuwa wakichakura jalalani tangu asubuhi. Banda lake wifi alikuwa akiligeuza tu maranda kwa uma na kuyaacha humo humo mwaka mzima. Bi Klorini hakumruhusu aingie kwake bila kunawa kwa sabuni kwenye bomba la getini. Wifi alinawa kila mara, akicheka, akiuliza kama na kusukutua asukutue.

Mwishowe akaitwa daktari wa mifugo, mwanamke wa makamo mwenye buti za mpira. Alimpasua kifaranga aliyekufa, akanusa hewa ya banda, akauliza wanapewa nini. Bi Klorini alieleza yote kwa fahari. Daktari akasikiliza mpaka mwisho, akageuza ndoo akaikalia.

"Mama, humu ndani pamekuwa safi mno."

Hakuna aliyewahi kumwambia Bi Klorini neno hilo maishani mwake. Daktari akamweleza kwamba kifaranga anayeanguliwa chini ya mama yake hudonoa kinyesi cha mama, na humo hupata bakteria wazuri wa kukaa tumboni. Wa mashine hana mama, anatoka na utumbo mtupu.

"Wewe umefanya kazi wodini," akasema. "Vitanda vyote vikiwa na watu wema, mhuni akija atalala wapi? Hawa wa kwako, vitanda vyao ni vitupu. Na kila mwema anayejaribu kuingia, unamuua kwa ile dawa ya kwenye maji."

Maji na vyombo viendelee kuwa safi, akaagiza, lakini dawa ile ikome, klorini ikome, na atafute maranda yaliyotumiwa na kuku wakubwa wenye afya. Kisha akachungulia juu ya uzio, akauliza wale kuku wazuri ni wa nani. Bi Klorini akajibu kwamba ni wa wifi, akiziangalia buti za daktari.

Daktari alikwenda kuwakagua, akaridhika nao, akaondoka. Kilichobaki kilikuwa cha Bi Klorini peke yake. Alichukua ndoo, akairudisha, akaichukua tena. Wifi alipomwona mlangoni alidhani amekuja kulalamikia harufu.

"Wifi, nimekuja kukuomba uchafu."

"Uchafu upi?" wifi akauliza. "Maana ninao wa kila aina."

Walicheka mpaka wakaegemea mlango. Kisha wifi akaingia bandani mwenyewe, akachota maranda ya pembe iliyokuwa kavu, akiyatenga mabonge taratibu kama mtu anayechagua mchele.

Kumwaga ndiko kulikokuwa kazi. Bi Klorini aliufumbata ule uchafu mkononi juu ya maranda yake meupe, na mkono ukakataa kufunguka. Wifi ikabidi amfungue vidole. Vifaranga wakaja mbio, wakachakura, wakadonoa. Yeye alifumba macho.

Wale waliokuwa hoi hawakupona, na aliwasikitikia. Lakini waliobaki wakaanza kusimama imara, wakala, wakagombana. Siku alipokuta kinyesi kigumu chenye ncha nyeupe, cha kifaranga mzima, alimwita mumewe aje kukitazama. Fundi redio alikuja na bisibisi mkononi, akakitazama kwa heshima zote, akampa mkono wa pongezi. Redio zikabaki chini ya kitanda.

Wifi naye akaja kuwaona vifaranga. Kwa mazoea alikwenda moja kwa moja bombani, akafungua maji.

"Acha, wifi," Bi Klorini akasema. "Leo ingia hivyo hivyo."

Wifi akabaki na mikono chini ya maji. Safari hii hakucheka.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani kinyaa ulikuwa unanionea mimi."

Bi Klorini hakuwahi hata kulifikiria hilo. Alifunga bomba yeye mwenyewe, akaushika mkono wa wifi yake, wenye maji vile vile, na hakuuachia mpaka walipofika bandani.