Mkono Wangu na Dawa Yake

Mimi sijui kuhubiri. Nikisimama mbele ya watu ulimi unakauka, na kusoma kwenyewe nilijifunza ukubwani. Nilichokuwa nacho ni mkono. Tangu nilipobatizwa ziwani, kila niliyekutana naye nilimnyoshea mkono nikasema, "Yesu asifiwe." Mvuvi, karani, mlevi anayetoka kunywa pombe ya kasiksi, wote.

Watu niliwachosha, najua. Wanawake tulioanika nao samaki wadogo wa ndagala mchangani, wakiniona naja, walizamisha mikono kwenye beseni, eti wana kazi. "Siku moja utasalimia mbuzi," walinitania. Mdogo wangu, kijana wa tumbo moja nami, ndiye aliyecheka zaidi. "Dada, Yesu wako ananuka ndagala," alisema. Mkono alinipa, lakini "Amina" hakujibu hata siku moja, na hilo liliniudhi sana.

Kisha uhuru ukaja, na nyuma yake uasi. Vijana wa Songo, mtaani kwetu, waliingia mmoja mmoja, naye akaingia. Walimchanja kwenye paji la uso, wakamnyunyizia maji ya dawa, risasi ikimfikia igeuke maji. Dawa hiyo ilikuwa na miiko. Asiguswe na mtu asiye nayo, hasa mwanamke. Asile alichopika mwanamke, wala kabla ya vita asiguse damu ya mtu asiye na dawa. Mwiko ukivunjika dawa imekufa, na aliyeuvunja waasi walimuua. Tulikuwa tumeshaona.

Kuanzia hapo mdogo wangu alikuwa akija anasimama nje ya ua wa matete, kama mtu anayedai kitu. Moyo wangu haukutulia. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiwa, nikapika, nikasahau chumvi, nikagombana na majirani bila sababu.

Asubuhi moja lori la waasi lilisimama barabarani, linakwenda bondeni, upande wa Runingu, walikokuwa askari wa serikali na bunduki zao kubwa. Alikuja kuniaga. Mikono yangu niliificha ndani ya kitenge, nikaanza kusema haraka haraka: Yesu, msalaba, maji hayazuii risasi, mama angekuwa hai angesema nini. Nilimkasirikia. Alikuwa amekonda.

Aliniacha nikamaliza.

"Weye unasalimia kila muntu," akasema. "Hata walevi unawapatia mukono. Miye, hapana?"

Nilidhani anatania. Lakini midomo yake ilikuwa mikavu, na macho yalikwenda kwangu, yakarudi kwenye lori, yakaja kwangu tena. Nikaelewa anachoomba. Kutoroka hakuweza, wangemfuata mpaka nyumbani. Ila mtu ambaye dawa yake imekufa hapandi lori la vita.

Mkubwa wao alikuwa ameegemea mlango wa lori, mkuki mkononi, anatuangalia.

Niliogopa. Yesu niliyemtangaza sokoni kila siku, nilimuuliza kwa nini inakuwa leo, na kwa nini mimi. Nikatoa mkono kwenye kitenge, nikaupitisha juu ya matete.

"Yesu asifiwe."

Akaushika.

Mkubwa alikuja mbio. Alipotufikia karibu, mdogo wangu akamwambia, "Chef, dawa yangu imekufa," na yule mtu akasimama palepale. Alitazama mikono yetu, kisha akarudi nyuma. Aliogopa, yeye mwenye mkuki. Damu yetu ingemchafua, dawa yake nayo ingekufa, na vita vilikuwa vinamngoja.

"Tutarudi kuwamaliza," alisema. "Wote wawili."

Lori likaondoka. Vijana waliopanda nyuma walitazama pembeni, wasituone. Niliwajua. Kabla ya dawa nilikuwa nimeshika mikono yao yote, mmoja baada ya mwingine, sokoni na ziwani. Lori lile halikurudi, wala wao. Mpaka leo nikinyosha mkono kwa mtu nawakumbuka, na usingizi wangu si mzuri.

Lakini asubuhi ile hatukujua. Tulisimama hivyo, ua katikati yetu, kiganja chake kimelowa jasho.

"Sema Amina, basi," nilimwambia, maana hasira ilikuwa bado.

Alinishika mkono mpaka mlio wa lori ukapotea kabisa, na hata hapo hakuuachia.

"Dada," akasema, "kuko bugali ulipika weye?"