Tepu yangu kitandani kwa Papa Neema

Mimi ni fundi cherehani hapa ugenini, mtaa wa Malvern, na aibu hii nimeishona kwa mikono yangu mwenyewe.

Dukani tunapenda filamu moja ya zamani ya makauboi, ya kuchekesha. Kiingereza chake kinatupita. Lakini kila mara watu wanapogombana, anatokea mzee mwenye kofia nyeusi, anampima mmoja wao kwa tepu toka kichwani hadi miguuni, anaandika, anaondoka. Aliyepimwa hubaki anatetemeka. Nikawaambia wenzangu: huyu ni fundi kama sisi, na wateja wanaogopa bei yake.

Tangu siku hiyo, kila aliyeingia dukani nilimpima kama yule mzee, bila neno, nikaandika. Aliyecheka kuliko wote ni Papa Neema, tuliyeshona naye miaka mingi.

Kisha akaugua, akakonda, akawa hoi kitandani kwake, mtaa wa Bertrams. Jumapili baada ya ibada nikaenda kumchekesha. Chumba kilijaa watu wa kanisa. Nikaingia na kofia nyeusi, bila salamu, nikamnyooshea tepu toka utosini hadi kwenye vidole vya miguu, nikaandika kwenye karatasi.

Hakuna aliyecheka. Binti yake Neema, aliyezaliwa hapahapa na anayekijua Kiingereza, alinishika mkono mimi ninayeitwa naye mjomba.

"Eish, tonton. Yule mzee wa filamu si fundi wa nguo. Anatengeneza majeneza."

Nilitaka kuimeza ile karatasi. Papa Neema akafumbua macho, akaniangalia mimi na kofia yangu.

"Umeshapima," akasema polepole. "Basi nisomee."