Gari la Mkate la Kumpeleka Mama Kitale

Kwa miezi saba niliamini, kama ninavyoamini kwamba ndizi hutoka kwenye mgomba, kuwa gari lenye kitanda na jiko likilala usiku mmoja kwenye boma la mtu huwa mali ya mwenye boma. Habari hiyo nilipewa na mwenzangu wa ngumbaru, mwendesha bodaboda wa mjini Kisii ambaye aliwahi kumbeba karani wa mahakama mara mbili, kwa hiyo sheria alikuwa ameizoea.

"Kitanda na jiko ni nyumba," aliniambia. "Na nyumba iliyo kwenye shamba la mtu ni ya nani?"

Nilikuwa nimehitimu masomo ya usiku juzi juzi tu, cheti bado kinanukia wino, na swali lililopangwa vizuri namna ile lilinimaliza kabisa.

Lilinimaliza zaidi kwa sababu gari la aina hiyo ndilo nililokuwa nikilitafuta. Dada yangu ameolewa Kitale, na alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Mama alikuwa amemwona mjukuu kwenye simu tu, simu yenyewe ina ufa unaompitia mtoto katikati ya uso. Lakini kwetu mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe, hata mvua inyeshe mawe. Kwenda na kurudi siku moja, magoti ya Mama yalikataa. Hoteli aliikataa mwenyewe.

"Nilale mahali pa kulipia kama mtu asiye na watoto?"

Basi likabaki gari la kulala ndani. Tuliegeshe kwenye boma la mkwe, Mama alale kwenye kitanda chake mwenyewe, na heshima ya kila mtu ikae mahali pake.

Nilizunguka Kisii na Nyamira hadi mbuzi wa kando ya barabara wakaanza kunisalimia. Karibu na Itumbe nilionyeshwa gari kuukuu la shule, zuri, ila paa lilikuwa chini kiasi kwamba Mama angelazimika kupiga magoti ili afunge kitambaa cha kichwa. Kule Nyamira mzee mmoja alinisifia gari lake refu, jeusi, ambalo mtu anaweza kulala akiwa amenyooka vizuri. Nikampeleka Mama alione. Akalizunguka mara moja.

"Hili lilikuwa linabeba nini?"

Mwenye gari akaangalia viatu vyake.

"Hili nitalipanda siku yangu ikifika," Mama akasema. "Leo bado."

Mwishowe tukapata gari la mkate lililostaafu. Ndani unasimama wima, na ukivuta pumzi mara tatu unashiba. Mama alipanda, akaketi juu ya kreti, akapapasa ukuta, akawa hataki kushuka. Tukalipeleka kwa fundi mjini Kisii, naye akaanza kupima: kitanda huku nyuma, rafu ya nguo juu yake, jiko la gesi kando ya mlango.

"Jiko hapana," nikasema.

Fundi akanitazama. "Sasa mama atachemsha chai na nini? Na injini?"

"Kitanda bila jiko. Ndivyo sheria inavyotaka."

"Bila jiko siendi," Mama akasema. "Niamke kwa mkwe wangu, nibishe mlangoni kwake niombe maji ya moto? Mimi?"

Nikabadilisha haraka: jiko liwepo, kitanda kitoke, alale akiwa ameketi. Mama alishuka, akashika njia ya nyumbani kwa miguu, na magoti yale yale. Jioni nilimwona akirudisha sandukuni sweta ndogo ya manjano aliyokuwa amemfumia mjukuu. Siku tatu aliniwekea chakula bila kuniambia neno, na ugali ulikuwa mgumu kama jiwe la kusagia.

Siku ya nne shemeji alipiga simu kuuliza tunafika lini. Nikaona niwe mwanamume.

"Shemeji," nikamwambia, "kabla hatujaja, naomba tuandikiane mbele ya mashahidi kwamba gari hutalichukua."

"Gari lipi?"

Nikamweleza yote: kitanda, jiko, boma, karani wa mahakama. Nikasikia mtoto akilia, kisha dada yangu akiuliza ni nani, na shemeji akikohoa kama mtu anayemeza kicheko kikubwa kuliko koo lake.

"Shemeji," akasema, "nyumba huwa ya mwenye shamba kwa sababu imejengwa pale, haiondoki. Gari ni la yule ambaye jina lake liko kwenye logbuku. Weka kitanda, weka jiko, umlete mama."