Ndege Iliyokuja Kuaga

Juzi nilimpeleka mama makumbusho. Tulipoiona ile ndege kubwa ya zamani, nikakumbuka harufu ya sombe, kisamvu cha kwetu, iliyoungua.

Tulikuwa Cabramatta, mtaa wa ugenini tulikohamia, wakati wa korona, ndege zote zimenyamaza. Mchana mmoja ngurumo ilitikisa vyombo kabatini.

"Mulale chini!" mama alipiga kelele, akatusukuma sisi watoto chini ya meza, kama walivyojificha wakati wa vita kwao Kongo. Sombe ikaungua. Kupitia mlangoni nilimwona jirani akipunga mkono huku analia, nikaamini anatuaga sisi, tunakufa. Kumbe aliiaga ndege. Ilikuwa inastaafishwa, ikazunguka mji mara ya mwisho.

Pale makumbusho, mama alisimama mbali na ndege, ameushika mkono wangu.

"Injini walishatoa?"

"Walishatoa, mama."

Ndipo akauachia mkono wangu.