Usingizi Aliolala Annastella Kishanda

Annastella Kokuberwa wa Nyanga, Bukoba, hakulala usingizi kamili tangu alipomzaa mtoto wake wa pili, wala si mtoto aliyemkesheza. Mtoto alilala vizuri. Aliyemkesheza ni mumewe, Mwijage, mwanamume mpana wa shingo fupi, ambaye akigusa mto tu alianza kukoroma mpaka mabati yakaitikia.

Kukoroma peke yake kungevumilika. Wanawake wengi wa hapa wamezeeka kando ya waume wanaokoroma na hawakupungukiwa kitu. Kilichomnyima Annastella usingizi ni kile kilichokuja katikati. Mwijage alikoroma, akakoroma, halafu akakoma ghafla kama mtu aliyekabwa koo. Kifua kilihangaika, hewa haikupita. Chumba kilinyamaza hata panya wa darini wakasikika. Kisha alishtuka na kuvuta pumzi kwa mkwaruzo, kama mtu aliyeopolewa ziwani, na ngurumo ikaanza upya. Asubuhi hakukumbuka kitu. Alilalamika tu kwamba kichwa kinamuuma na kwamba amechoka kuliko alivyokuwa alipokwenda kulala.

Basi Annastella alizoea kulala ameweka kiganja juu ya kifua cha mumewe. Kifua kilipohangaika bila sauti, kiganja kilimwamsha naye akamgeuza ubavu. Alifanya hivyo miaka mingi, kila usiku, mara nyingi kwa usiku mmoja, na mchana alikaa kwenye cherehani yake akishona sare za shule macho yakiwa mekundu. Hakumwambia mtu. Mke mwema hatangazi ya chumbani, hivyo ndivyo alivyofundishwa kwao Kishanda, na mafundisho hayo ni mema mahali pake.

Mama mkwe wake alikuwa na maelezo yake.

"Ni baba yake huyo," alisema. "Alikufa wamegombana juu ya mpaka wa kibanja, hakumwachia neno jema. Anarudi kumkaba."

Annastella alikuwa Mkatoliki wa kweli. Mchana aliyakataa maneno hayo. Usiku, mumewe aliponyamaza, alijikuta akitazama pembe ya chumba kando ya kabati, mahali ambapo giza lilionekana zito kuliko kwingine, na akasali akiwa hajafumba macho. Anayemcheka na akeshe usiku mmoja kando ya mtu asiyepumua.

Mwijage alikuwa mlinzi wa ghala la kahawa la mtu binafsi, akafukuzwa kwa sababu mwenye ghala alimkuta kiti kimeegemea ukuta naye amelala. Alipata kazi nyingine, akafukuzwa kwa kosa lile lile. Akabaki na kibanja chake cha migomba. Kanisani alilala kabla ya somo la kwanza. Kilabuni watu walimngoja kama wanavyongoja mchezo.

"Ta Mwijage," jirani yake Rutashobya alimuuliza, akimwita kwa jina la heshima, "lile ghala ulilolilinda, bado lipo au lilitoroka ukiwa ndotoni?"

"Lipo," Mwijage alijibu. "Ila linakuulizia wewe, maana mwizi ndiye rafiki wa ghala."

Walicheka, naye akacheka nao. Alikuwa mwepesi wa utani. Lakini sisi tuliocheka tulitenda dhambi. Tulimwita mvivu. Mvivu hulala akapumzika. Huyu alilala akachoka. Ugonjwa ulikuwa mbele yetu kila siku, nasi tukauita tabia.

Hatimaye Annastella alimpeleka kwa daktari mjini Bukoba. Daktari alimtazama koo, akampima shingo na presha, akamwuliza Annastella maswali mengi kuliko aliyomwuliza mgonjwa. Kisha akaeleza kwamba si mizimu wala uvivu. Nyama za koo hulegea usingizini zikaziba njia ya hewa, na kila mara moyo unalipia. Alitakiwa aende Mwanza apimwe akiwa amelala, na huenda angepewa mashine ya kusukuma hewa puani. Kwa sasa apunguze mwili, aache pombe, asilale chali.

"Mwanza!" Mwijage alisema walipotoka. "Nipande meli nikalale? Mama Philbert, watu wakiniuliza safari yako ni ya nini, niseme nakwenda kulala?"

"Useme unakwenda kupumua."

"Hapa napumua bure."

Hakwenda. Alikubali kuacha pombe, na kwa sehemu kubwa aliacha. Annastella naye alimshonea shati la kulalia lenye mfuko mgongoni, akatia humo gunzi gumu la muhindi ili akijigeuza chali limchome na kumrudisha ubavuni. Lilisaidia. Usiku mwingine mkono wake ulimwamsha mara chache tu.

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakiishi mama yake Annastella alipofariki kule Kishanda.

Mila yetu inataka msiba ulaliwe. Ndugu na majirani hawaji kuzika na kuondoka. Hulala pamoja na wafiwa juu ya majani makavu yaliyotandazwa sakafuni, wanawake ndani, wanaume sebuleni au uani chini ya turubai, mpaka siku za kuomboleza ziishe. Mume na mke hawakaribiani siku hizo. Ni mila njema. Inamzuia mfiwa asibaki peke yake na giza, na inaufundisha mwili kuheshimu kifo. Naiheshimu, nami sitaki mtu ayasome haya akadhani naipiga vita.

Annastella alijaribu kumzuia mumewe mapema.

"Baba Philbert, ukishazika, nenda ukalale gesti pale Muleba mjini. Mwambie mwenye gesti akugongee mlango kila mara."

"Mama yako alinipa mke, leo nikalale kwenye godoro la gesti? Ndugu zako watasema mkwe ni mgeni."

"Basi vaa shati lako."

"Shati la gunzi? Mbele ya wakwe?" Alimtazama kama aliyeambiwa avae gauni. Shati lilibaki Nyanga.

Mkuu wa msiba upande wa wanawake alikuwa Shangazi Celina, dada wa marehemu baba yake Annastella, mwanamke mkavu aliyeogopwa na ukoo mzima kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta na kosa. Ndiye aliyepanga nani alale wapi. Ukuta mmoja tu wa tofali ulitenganisha wanawake na wanaume, na haukufika juu.

Usiku wa kwanza Mwijage alianza mapema. Wanawake walivumilia, kisha wakaanza kuchekana.

"Nani ameleta trekta msibani?"

"Ni mkwe wetu wa Bukoba. Anatulimia."

Hata Annastella alitabasamu gizani. Halafu sauti ikakatika. Alingoja mkwaruzo. Haukuja. Akainuka, akapita juu ya miguu ya watu, akaingia sebuleni kwa wanaume akipapasa, akamkuta mumewe kwa ukubwa wake, akamsukuma ubavu kwa mikono miwili. Mwijage alivuta pumzi kwa kishindo. Mzee mmoja akawasha tochi, na wote wakamwona binti wa marehemu amepiga magoti kando ya mumewe katikati ya wanaume, kitenge kimemlegea.

Asubuhi Shangazi Celina alimwita nyuma ya jiko.

"Mama yako hajapoa kaburini, nawe unamfuata mwanamume?"

"Shangazi, alikuwa hapumui."

"Mtu anayekoroma hivyo hapumui? Nyumba nzima imemsikia akipumua!"

"Ni anaponyamaza, Shangazi. Daktari alisema..."

"Daktari hakulala msiba huu. Unajua mwiko huu ukivunjwa nini kinafuata. Kifo hakiji mara moja katika nyumba. Ukirudia, mimi natoka, na wanawake wote watatoka nami. Mama yako aombolezwe na kuku."

Annastella alimwendea kaka yake, Josia, akamweleza kila kitu kama daktari alivyoeleza. Akamwomba alale kando ya Mwijage.

"Akikoroma mwache. Akinyamaza, mgeuze. Umenisikia? Akinyamaza."

"Dada, shemeji yangu nitamlinda kuliko yeye alivyolinda ghala," Josia alisema, akacheka. "Nenda ukaomboleze."

Josia alikuwa mtu wa ahadi na mtu wa pombe, na ahadi na pombe havikai chungu kimoja. Jioni majirani walileta olubisi, pombe ya ndizi, kwa ajili ya waombolezaji. Josia alikunywa, na akampa shemeji yake kikombe ili naye asijione mgeni. Mwijage, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiona aibu kwa ajili ya mkewe, hakukataa.

Usiku wa pili Shangazi Celina alimlaza Annastella ukutani, naye mwenyewe akalala upande wa mlango, amefunga pindo la kitenge cha Annastella mkononi mwake. Ngurumo ilianza. Wanawake hawakuchekana tena. Walikuwa wamechoka, wakaguna na kujifunika masikio. Ilinguruma muda mrefu. Kisha ikakoma.

"Ashukuriwe Mungu," mwanamke mmoja alinong'ona. "Ametuhurumia."

Upande wa pili mwanamume naye akasema kitu kama hicho, na mwenzake akajibu, "Mwacheni, msimguse, ataanza tena."

Annastella alifungua macho. Akavuta kitenge kidogo. Mkono wa shangazi ukakaza. Akasema moyoni kwamba Josia yupo. Akaanza Salamu Maria. Hapo katikati akasikia, au alidhani amesikia, pumzi ikivutwa. Lilikuwa jambo dogo, kama mtu anayeburuta jani sakafuni. Akaendelea kusali, na kimya kikaendelea.

Yaliyofuata aliyasema yeye mwenyewe, hakulazimishwa na mtu. Alilala. Kimya kile kilimfunika kama blanketi zito, naye akazama. Hakuota. Hakukuwa na kifua chini ya kiganja chake wala sauti ya kungoja. Ulikuwa usingizi wake wa kwanza kamili baada ya miaka, na ulikuwa mtamu. Alipoamka jua limeshapenya mabati alijisikia mwepesi, kama msichana, na kabla hajakumbuka yuko wapi alifurahi. Ndipo aliposikia Josia akilia.

Mwijage walimzika Nyanga, kwenye kibanja chake. Maneno yalimtangulia Annastella kurudi nyumbani. Watu walisema alivunja mwiko usiku wa kwanza, na usiku wa pili mwiko ukadai. Mama mkwe alisema mumewe marehemu hatimaye amemchukua mwanawe. Josia alisema alimsikia shemeji akipumua vizuri mpaka alfajiri, jambo ambalo mlevi hawezi kulijua. Hakuna aliyesema neno la daktari. Watu walimlaumu Annastella kwa usiku aliokwenda. Yeye alijilaumu kwa usiku aliolala, na lawama yao aliiona nyepesi.

Msiba wa Nyanga nao ulilaliwa. Wanawake walikuja kulala na mjane kama inavyopasa. Lakini kila mmoja aliyetulia usingizini alishtuka akitikiswa bega, na juu yake uso wa Annastella, macho yamemtoka.

"Unapumua?"

"Yesu wangu! Si unaona napumua?"

Alipita kwa mmoja, akaenda kwa mwingine, akarudi kwa yule wa kwanza. Aliyekoroma alimwacha. Aliyetulia ndiye aliyemtesa. Usiku uliofuata walikuja wachache. Baadaye wakaja na visingizio: ng'ombe anazaa, mtoto ana homa. Walinong'ona kwamba mjane anatembezwa na mumewe. Mwishowe alibaki Shangazi Celina peke yake, aliyetoka Kishanda na asiyeondoka kwenye msiba kabla ya wakati.

Usiku huo walikaa wawili juu ya majani.

"Na mimi nakoroma?" shangazi aliuliza.

"Unakoroma, Shangazi."

"Na kunyamaza?"

"Unanyamaza."

"Kama yeye?"

"Kama yeye. Si kwa muda mrefu kama yeye."

Shangazi Celina alikunja kitenge chake taratibu, akakiweka chini ya kichwa. Alikuwa mtu asiyejua kuomba msamaha, hakuwa amezoea.

"Basi niamshe," alisema, akalala chali.

Annastella aliketi kando yake. Shangazi akaanza kukoroma, kwa sauti nyembamba ya uzee. Baadaye sauti ikakatika. Kifua kikahangaika chini ya blauzi. Annastella aliinua mkono, akausimamisha hewani. Alitazama mdomo uliofunguka. Mkono haukushuka. Alingoja, na akajua kwamba anangoja, muda mrefu kuliko alivyowahi kumngojea Mwijage. Kisha akamshika bega na kumsukuma ubavu kwa nguvu.

Shangazi aliamka akipaliwa, akakohoa, akakaa. Alipopata pumzi alimtazama mpwa wake.

"Umechelewa," alisema.

"Ndiyo, Shangazi."

Walikaa wameegemea ukuta, kila mmoja akisikiliza pumzi ya mwenzake, na hakuna aliyelala mpaka majogoo wa Nyanga walipowika.