Maua Katikati ya Kwaresima

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo nimekuwa mtu wa huku na huko: wiki hii Kibondo, ijayo Kasulu, nikipanda malori na kuuza vitu vidogo vidogo. Lakini jambo nisilolijua huliuliza mpaka watu wanikimbie.

Kigangoni kwa mama yangu, nje kidogo ya Kasulu, aliyezaliwa wiki hiyo hupeleka maua altareni Jumapili. Mwanamke anayepanga maua kanisani hueleza maana yake: waridi ni upendo, na miiba yake ni mateso ya Bwana, yungiyungi ni usafi wa Bikira Maria, alizeti ni roho inayomgeukia Mungu. Mwaka Mpya altare haionekani kwa maua, kwa sababu sisi tuliopitia kambi ya wakimbizi, wengi wetu tuliandikiwa kuwa tulizaliwa tarehe mosi Januari.

Mama hakuwahi kupeleka hata jani. "Siku ile hatukuzaliwa," aliniambia. "Tuliandikwa."

Yeye alizaliwa Kwaresima, na Kwaresima altare haiwekwi maua. Alikuwa amezoea. Miaka yote aliwakatia wenzake maua uani kwake, kisha akakaa zake benchi la nyuma. Mwaka huu, akichambua mboga, alisema taratibu kwamba angependa kuyapeleka ya kwake mara moja tu, kabla macho hayajazima kabisa. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kwenda.

Nikamuuliza anajuaje ilikuwa Kwaresima. Akasema bibi alimsimulia kwamba alibatizwa siku ya Pasaka akiwa na majuma matatu kamili.

Ukutani palikuwa na kalenda ya kanisa, yenye rangi ya kila Jumapili. Nikahesabu kurudi nyuma kutoka Pasaka. Jumapili ya Matawi, nyekundu. Kabla yake, zambarau. Ya tatu ilikuwa pinki, peke yake ukurasa mzima. Nikaondoka kwenda kwa katekista, chai nikaiacha mezani. Alinicheka, ati mtu asiyeonekana kanisani ameanza kusoma rangi. Kisha akaniambia hiyo ni Dominika ya nne, siku ya kufurahi katikati ya mfungo, na maua yanaruhusiwa.

Mama alinisikiliza, kisu kimesimama mkononi.

"Usinidanganye, mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, kwa lugha ya nyumbani.

Nikamwapia. Nilitaka kumnunulia mawaridi mjini, akakataa. Akaingia shambani mwenyewe, akapapasa vichwa vya alizeti kimoja kimoja, akarudi na vitatu vilivyofunguka vizuri.

Jumapili hiyo mpanga maua alimpokea mlangoni akamuuliza ni ya mjukuu yupi.

"Ni yangu," mama akasema. "Leo nimezaliwa."

Mpanga maua alimshika mkono, wakapanda ngazi za altare polepole, akamwonyesha chombo kilipo kwa kukigusisha kwenye vidole vyake. Mama akayapanga mwenyewe. Alichukua muda mrefu, na waimbaji wakarudia wimbo tangu mwanzo.